Salum au Mbaraka? Ubishi wa Moro usio na dakika ya 90

KAA kijiwe chochote cha kahawa pale Morogoro, kuanzia Mji Mpya mpaka Mwembesongo, halafu anzisha ubishi wa Simba na Yanga. Utapigwa maneno, utacheka, kahawa itaisha na kila mtu ataondoka na timu yake. Hakuna jipya.

Sasa siku nyingine nenda pale pale, tafuta wazee wawili wenye mvi, uwaulize swali moja tu. Nani alikuwa mkali zaidi, Salum Abdallah wa Cuban Marimba au Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz? Hapo ndipo utajua kwamba mji kasoro bahari nao una watani wake wa jadi, na dabi yao ilianza zamani sana, kabla hata Sunderland hawajabadili jina na kuitwa Simba mwaka 1971.

Wapo watakaosema hii ni habari ya ukurasa wa burudani, imepotea njia. Haijapotea. Enzi hizo Moro iligawanyika kwa bendi kama Kariakoo ilivyogawanyika kwa Msimbazi na Jangwani. Kulikuwa na nyumba ambazo baba ni Cuban na mtoto ni Moro Jazz. Mashabiki walijua kikosi kizima, nani anapiga gitaa la solo na nani la kati, nani ana mpango wa kuhama. Bendi moja ikitoa wimbo, mtaa wa pili ulisubiri jibu. Kama hiyo si dabi, basi hakuna dabi.

Na kama ilivyo kwa Pelé na Maradona, tatizo la kuwalinganisha Salum na Mbaraka ni lile lile. Walivaa jezi namba 10 kwa nyakati tofauti. Mmoja alikuwa anatoka uwanjani wakati mwenzake anapasha misuli.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 27, 1944. Shika huo mwaka, kwa sababu ni mwaka huo huo 1944 ambao Morogoro Jazz ilianzishwa. Mtoto na timu yake ya baadaye ni rika moja. Alikulia Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kwenye mji ambao reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika tangu 1907 na ambao ulizungukwa na mashamba ya mkonge. Mkonge ulileta vibarua kutoka kila kona ya nchi, vibarua walileta ngoma zao, na siku ya mshahara walikuwa na hela ya kuingilia dansini. Ukijiuliza kwa nini mji wa ukubwa ule ulibeba bendi mbili kubwa kwa mpigo wakati miji mingine ilihangaika na moja, anzia kwenye mkonge na reli.

Mbaraka alipokuwa na miaka minne tu, kijana mmoja wa hapo hapo Moro alikuwa anaanzisha bendi yake.

Huyo ndiye Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa mwaka 1928, ambaye watu walimfupisha kwa herufi za majina yake, SAY. Baba yake alikuwa Mwarabu, mama yake Mluguru. Sasa Waluguru ukoo wanauhesabu kwa mama, kwa hiyo milimani hapakuwa na mjadala kwamba Salum ni wa kwao. Mwaka 1948 alianzisha bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ndiyo ikawa Cuban Marimba.

Jina halikuja bure. Miaka ile santuri za muziki wa Kuba zilikuwa zimeenea Afrika nzima, zile zenye herufi GV, na mwenye gramafoni alikuwa na wageni kila jioni. Salum alizisikia zikamkaa kichwani. Wazee wa Moro husimulia kwamba aliwahi kutoroka nyumbani mpaka Mombasa, akitafuta meli ya kumpeleka Kuba kwenyewe. Meli hakuipata, akarudi. Kwa lugha ya leo tungesema dogo alikwenda majaribio Ulaya bila wakala. Tofauti ni kwamba yeye aliporudi hakukaa kijiweni kulaumu bahati yake. Kama hakufika Kuba, basi Kuba ingekuja Morogoro.

Na ilikuja. Rumba, chacha na bolero ziliingia kwenye Kiswahili cha Moro na zikakaa vizuri kama zilizaliwa Kichangani. Salum alikuwa mwimbaji na mtunzi mwenye sauti laini isiyo na papara, sauti ya mtu anayejua kwamba hata akichelewa kidogo mpira utamfikia. Aliimba mapenzi, aliimba nasaha, aliimba uhuru ulipokuja. Wimbo wake wa kuwasifu wanawake wa Tanzania umewazidi umri watu wengi waliokuwa hai ulipotoka, na mpaka leo kuna wanaouimba bila kujua ni wa nani.

Santuri zake zilitolewa Mombasa na lebo ya Mzuri, na kutoka huko zilisambaa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kabla ya Uhuru wa 1961 jina la Morogoro lilikuwa linatajwa Nairobi na Kampala kwa sababu ya kijana mmoja na bendi yake. Mpira wa Moro ulikuwa bado sana kufika huko. Mseto hawakuwa wamezaliwa midomoni mwa watu.

Upande wa pili Morogoro Jazz hawakuwa wamelala. Wao walikuwa wakubwa kwa umri, miaka minne mbele ya La Paloma, na mkubwa hapendi kufunikwa na mdogo. Hapo ndipo vijembe vilipoanza. Bendi hii inaimba kwamba ngoma iko huku, ile inajibu. Mashabiki wanachukua maneno ya wimbo wanaenda nayo sokoni, kiwandani, kisimani. Ukweli usemwe, mpaka katikati ya miaka ya 1960 Cuban Marimba ndio walikuwa wanaongoza ligi, na sababu ilikuwa moja, Salum. Moro Jazz walikuwa na timu nzuri. Hawakuwa na mtu wa kuamua mechi.

Mtu huyo alikuwa bado anatafuta njia. Mwaka 1964 Mbaraka aliacha shule akaenda Dar es Salaam, akaingia kwenye bendi ya vijana, na kilichowashangaza wengi baadaye ni kwamba alianza kwa kupiga filimbi. Ndiyo, filimbi. Mpiga gitaa ambaye vijana wa nchi tatu walikuja kumuiga vidole alianza na kipande cha mti chenye matundu. Ni kama kuambiwa straika wako mpendwa alianza kama golikipa.

Hakukaa sana Dar. Katikati ya miaka ile ya 1960 alirudi nyumbani akasajiliwa Morogoro Jazz.

Novemba 1965, Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa hajafika miaka 40.

Hebu fikiria timu iliyojengwa miaka 17 kuzunguka mchezaji mmoja, ambaye pia ni kocha, nahodha na mwanzilishi wa klabu, halafu siku moja asubuhi hayupo. Wengi walidhani Cuban Marimba imekwisha. Haikuisha, na sababu ni Juma Kilaza, ambaye alichukua kitambaa cha unahodha na kuiongoza bendi kwa miaka iliyofuata. Kilaza hajapewa heshima anayostahili kwenye ubishi huu. Wazee wanataja Salum, wanataja Mbaraka, halafu wanamruka yeye kama kiungo mkabaji ambaye jina lake halitoki redioni kwa kuwa hafungi. Lakini ukitazama ratiba vizuri, mtu aliyecheza dabi na Mbaraka akiwa kwenye ubora wake, mechi kwa mechi, wikiendi kwa wikiendi, hakuwa Salum. Alikuwa Kilaza. Kuvaa viatu vya marehemu anayependwa na mji mzima ni kazi ngumu kuliko kuanzisha bendi yako, kwa sababu kila ukikosea noti kuna mtu ukumbini atasema marehemu asingefanya hivyo.

Wakati Kilaza anapambana na kivuli, Mbaraka alikuwa anapanda. Alianza kama kijana wa kikosi, akawa mpiga solo, akawa mtunzi, akawa mwimbaji, mwishowe akawa kiongozi wa Morogoro Jazz. Ukimtafutia mfano wa uwanjani, ni yule anayepiga kona, anakimbia kwenda kuifunga kwa kichwa, na penalti ikitokea anaidai. Kawaida mpiga solo mahiri huwa si mwimbaji, na mwimbaji huwa si mtunzi. Mbaraka alikuwa vyote vitatu, na haikuonekana kama anajitutumua.

Gitaa lake ndilo lililobadili mchezo. Enzi za Salum wimbo ulibebwa na sauti, magitaa yalikuwa yanasindikiza. Mbaraka alikulia kipindi ambacho magitaa ya umeme na rumba ya Kongo vilikuwa vimeingia kwa kishindo, na solo ilikuwa imeanza kudai nafasi yake. Yeye aliimba ubeti, akaacha, gitaa likaendelea kuzungumza mahali alipoishia. Lilikuwa linadokoa, linauliza, linajijibu lenyewe, halafu ghafla linaongeza mwendo na ukumbi mzima unasimama. Moro Jazz waliuita mtindo wao Likembe, na mashabiki wakajiita kwa jina hilo.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho watu husahau. Bendi nyingi kubwa za wakati ule zilikuwa na mgongo. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa na mshahara. Hizi bendi mbili za Moro hazikuwa na shirika la kuzibeba. Ziliishi kwa mlango. Watu wasipoingia Jumamosi, Jumatatu hakuna kitu. Ndiyo maana walicheza kwa njaa ile, na ndiyo maana walizunguka mikoani kuliko timu inayosaka pointi za ugenini.

Tuseme tu kwamba haikuwa Moro peke yake. Tanga nao walikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz wanaokatana ngebe vile vile, na Tabora walikuwa na vyao. Ila ukiuliza dabi ya mkoani iliyotoa majina mawili makubwa kuliko yote, jibu ni Morogoro, na watu wa Tanga waandike barua ya malalamiko.

Mwaka 1970 ndio uliomtoa Mbaraka kwenye ligi ya nyumbani. Dunia ilikuwa na maonyesho makubwa Osaka, Japani, yaliyojulikana kama Expo 70, na Tanzania ilihitaji bendi ya kuiwakilisha. Ilichaguliwa Morogoro Jazz.

Hapa lazima tuelewane vizuri. Dar es Salaam ilikuwa na bendi zake kubwa, zenye ofisi, zilizo karibu na wakubwa wanaotoa maamuzi. Nchi ikaenda kuchukua bendi ya mkoani. Ni sawa na kocha wa Taifa Stars kutaja kikosi cha kwanza, mashabiki wa Kariakoo wamekaa kimya redioni wakisubiri majina yao, na kumbe nusu ya timu inatoka Uwanja wa Jamhuri, Morogoro. Mwaka huo huo Pelé alibeba Kombe la Dunia lake la tatu kule Mexico. Mtoto wa Moro alikuwa na mwaka wake pia. Waliporudi walitunga wimbo kuhusu safari hiyo, na mashabiki wa Cuban Marimba walilazimika kuusikiliza kila walikopita.

Watani wa Likembe huulizwa swali moja hapa, nalo ni la haki. Je, Salum angekuwa hai, nani angekwenda Japani? Hakuna anayeweza kujibu. Shabiki wa Cuban atakuambia moja kwa moja, bila kupepesa macho.

Kwa utunzi, Mbaraka alikuwa na jicho la mwandishi wa habari. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa kupigwa risasi katika mgogoro wa shamba, na nchi ikatikisika. Mbaraka alitunga wimbo wa maombolezo wenye jina la marehemu. Aliimba pia kuhusu mitaa, wasichana wenye majina yao kamili, maisha ya kijijini na ya mjini. Salum alikuwa akikupa nasaha kama mjomba, anakukalisha chini. Mbaraka alikuwa anakusimulia kilichotokea, kisha anakuachia uamue. Hapa ndipo mashabiki hugawanyika kwa tabia zaidi ya muziki. Anayependa kuongozwa humpenda Salum, na anayependa kuachwa na mawazo yake atakuambia Mbaraka hana mpinzani.

Halafu ikaja 1973.

Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz. Akaunda bendi yake, Super Volcano.

Kwa shabiki wa Likembe hilo lilikuwa pigo la aina ambayo Wanayanga waliipata miaka mitatu baadaye, mgogoro wa 1976 ulipoimega klabu na kuzaliwa Pan African. Unaamka asubuhi na mchezaji wako bora hayuko tena kwako, na kinachouma ni kwamba hata kwa wapinzani hajaenda ili umchukie vizuri. Ameanzisha timu yake. Unamchukia vipi? Unamfuata au unabaki na jezi? Wengi walimfuata. Morogoro Jazz ilibaki na jina, ikabaki na historia, lakini dabi ikapoteza ladha. Cuban Marimba walikuwa wameshampoteza Salum kwa ajali, na sasa Moro Jazz wamempoteza Mbaraka kwa uhamisho. Kilaza alibaki uwanjani akiwa na mpira, anatafuta wa kucheza naye.

Lawama hapa zipo, na mashabiki wa Cuban hawachoki kuzitumia. Salum alianzisha timu na akafa nayo. Mbaraka alilelewa na timu, ikampa jina, ikampeleka Japani, halafu akaiacha. Hoja hiyo ina uzito wake, ila ina tundu. Salum hakuwa na haja ya kuhama kwa kuwa klabu ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Mbaraka aliikuta klabu ina wenyewe. Mwanamuziki aliyekuwa akijaza kumbi, anayetunga, anayeimba na kupiga solo, kutaka kuwa na bendi yake mwenyewe akikaribia miaka 30 si usaliti. Ni mchezaji kutambua kwamba viingilio vinatokana na miguu yake.

Miaka miwili baada ya kuondoka kwake, mji ulipata furaha ya aina nyingine. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania, timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kufanya hivyo, ikiwaacha Simba na Yanga wakitazamana. Baadaye wakaja Reli waliojiita Kiboko ya Vigogo, na mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar wa kule Manungu, Turiani, wakabeba mara mbili mfululizo. Watu hushangaa mkoa huu unapata wapi kiburi cha kuwakatalia wakubwa wa Kariakoo. Wasishangae. Ulikuwa na mazoezi tangu kwenye dansi.

Super Volcano na mtindo wake wa Masika ndiyo iliyompa Mbaraka mashabiki kuliko wakati wowote, na wengi wao hawakuwa Tanzania. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mwanamuziki angeweza kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukapigwa nchi nzima mpaka watoto wakaukariri, na bado asiwe na kitu cha kumuuzia mtu dukani. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Kwa hiyo njia ya hela ilielekea kaskazini, na Mbaraka aliifuata. Wimbo wake unaoitwa Shida, uliogusa ugumu wa maisha kwa lugha ya mtu anayeuishi, uliuzwa Kenya kwa kiwango ambacho kilimfanya awe staa wa nchi mbili. Kuna Wakenya waliokua wakiamini Mbaraka ni wa kwao. Ukiwaambia ni mtoto wa Morogoro wanabisha kwanza.

Ukimweka Salum kwenye mizani hiyo hiyo, naye alivuka mpaka, na alivuka mapema zaidi, wakati barabara mbovu na redio chache. Lakini ni kweli pia kwamba soko alilolikuta Mbaraka lilikuwa kubwa mno, kama mabao ya siku hizi na mechi zinavyokuwa nyingi. Hesabu ya miaka haisaidii sana. Salum ana 17 tangu La Paloma hadi ajali. Mbaraka hana hata 15 tangu aingie Moro Jazz. Wote wawili waliondoka kipindi ambacho mtunzi ndiyo kwanza anaanza kukomaa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kwa msomaji wa leo anayepanda basi asubuhi Arusha na mchana yuko Nairobi, ni vigumu kuielewa hali hiyo. Biashara zilikatika, ndugu walikatika. Na kwa mwanamuziki ambaye studio yake, santuri zake na sehemu kubwa ya wanunuzi wake wako upande wa pili, ilikuwa kama kufungiwa kucheza nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja. Mbaraka alichagua kuwa kule kazi ilikokuwa.

Alikuwa Mombasa mwanzoni mwa 1979, mji ule ule ambao Salum aliwahi kuufikia akitafuta meli, na ambao ndio uliotoa santuri zake. Nchi yake ilikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin tangu mwishoni mwa 1978, na mpaka wa Kenya bado umefungwa.

Januari 12, 1979, Mbaraka Mwinshehe alikufa Mombasa baada ya ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka 34.

Ajali ya gari, kama Salum. Umri mdogo, kama Salum, na mdogo zaidi. Watu wa Moro ambao kwa miaka mingi walibishana nani zaidi walijikuta wamekaa matanga ya aina moja kwa mara ya pili. Ila msiba huu ulikuwa na uchungu wake wa ziada, maana wa Salum ulikuwa nyumbani, na huu ulikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa.

Kwa hiyo nani? Ukiulizwa nani alijenga uwanja, jibu ni Salum, bila ubishi. Kabla yake Morogoro ilikuwa kituo cha treni na ghala la mkonge. Yeye ndiye aliyeifanya iwe mji wa muziki, na pasipo Cuban Marimba ya kuwachokoza, haieleweki Morogoro Jazz wangepata wapi sababu ya kumtafuta kijana kama Mbaraka. Ukiulizwa nani alicheza mpira mzuri zaidi kwenye uwanja huo, kura inakwenda kwa Mbaraka, kwa tofauti ya bao moja, tena la dakika za mwisho, na bao lenyewe ni lile gitaa. Shabiki wa Cuban anaruhusiwa kukata rufaa.

Baada ya kifo chake, Polydor ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake kwenye mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, toleo baada ya toleo, na ukaendelea kuuzwa miaka na miaka. Salum alisubiri zaidi. Mkusanyiko mkubwa wa nyimbo za Cuban Marimba za mwaka 1955 hadi 1965 ulikuja kutolewa Ujerumani, na lebo ya Dizim, zaidi ya miaka 30 tangu azikwe. Jina waliloupa mkusanyiko huo ni lile lile la kijembe cha zamani, Ngoma Iko Huku. Pale kijiweni Mji Mpya, mzee wa Cuban bado anauchukulia kama ushindi wa ugenini.